Maua ya Kukausha Yanapoharibika: Dalili, Visababishi na Tiba

Mimi hukausha maua Tanga, mji ambao chumvi haikai kikoponi siku mbili bila kushikamana. Wengi wanaoniletea shada la harusi, au ua lililochukuliwa msibani, huniletea likiwa limeshaharibika nusu, na maswali yao yamejirudia mno hata nimeamua kuyapanga kwa dalili, kama ninavyoyasikia mlangoni. Chini ya kila dalili nimeanza na kisababishi ninachokikuta mara nyingi, kisha vya nadra. Anza na ukaguzi mwepesi kabla ya kununua chochote.

Jambo moja ulishike tangu mwanzo. Kikulacho ki nguoni mwako, na kinachokula ua ni maji yaliyomo ndani yake. Sehemu kubwa ya uzito wa petali mbichi ni maji. Yakitoka upesi, umbo na rangi hubaki. Yakichelewa, ua hujila lenyewe kwa vimeng'enya vyake, na ukungu hupata nafasi. Hata likishakauka, hewa ya pwani huyarudisha maji taratibu. Kwa hiyo karibu kila tatizo hapa chini ni moja kati ya mawili: maji yamechelewa kutoka, au yamerudi.

Kwanza kabisa: limekauka kweli?

Watu hugusa ncha ya petali, wakaisikia inalia kama karatasi, wakasema tayari. Ncha hukauka siku ya kwanza. Pa kugusa ni chini ya ua, pale kikombe cha kijani kinapoungana na bua. Pakibonyea kidogo tu, bado.

Mwenye mizani ya jikoni inayosoma gramu alipime ua leo, kesho na keshokutwa. Uzito usipobadilika siku mbili mfululizo, maji yameisha. Asiye na mizani aliweke kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko mkavu, afunge, alale. Asubuhi akikuta petali zimelainika au kioo kimeingia mvuke, alirudishe kukauka. Vipimo hivi havigharimu kitu, na vingeokoa zaidi ya nusu ya maua ninayoletewa.

"Dada, yameota ukungu"

Ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na kati ya Machi na Mei huja karibu kila wiki.

Kisababishi cha kwanza ni ua kuanza safari likiwa limelowa. Wauza maua huyanyunyizia maji ili yapendeze. Tena mawaridi mengi tunayouziwa hutoka mashamba ya nyanda za juu, Naivasha au Arusha, na husafirishwa kwenye baridi. Yakifika kwenye joto letu hutokwa na matone kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Matone yale hujificha katikati ya petali usikoona. Pindua ua, litikise juu ya kipande cha gazeti, na ufunue petali mbili tatu za nje. Ukiona alama za maji, usilitundike bado. Lisimamishe kwenye maji kidogo, kivulini, feni ikiwa karibu, kwa saa mbili au tatu, mpaka petali zikauke kwa nje.

Cha pili ni fungu nene. Shada zima limetundikwa kichwa chini kama lilivyotoka ukumbini, na utepe wake, na sponji la maji ndani. Lifungue. Ondoa utepe, sponji na majani yote ya chini. Mawaridi yatundike moja moja. Maua madogo ya matawi membamba, kama yale meupe madogomadogo ya kujazia shada, yanaweza kukaa matano matano.

Cha tatu ni mahali. Jikoni na karibu na bafu hapafai, wala chumba unachoanikia nguo mvua ikinyesha. Unataka chumba chenye giza kiasi na hewa inayotembea. Feni ielekee ukutani, isipige maua moja kwa moja. Ukungu huanza kupata nguvu unyevu wa hewa ukipita asilimia 65 au 70, na wakati wa masika hewa ya pwani hukaa juu ya hapo siku nyingi. Ndiyo maana masika mimi situndiki ua hata moja. Natumia silika jeli, nitakayoieleza chini.

Cha nne kinaniuma kwa sababu nilikifanya mwenyewe. Shada la harusi ya mdogo wangu nililiona limekauka siku ya sita, nikalifunga kwenye mfuko wa nailoni ili vumbi lisilipate, nikaliweka juu ya kabati. Baada ya wiki mbili lilikuwa na manyoya ya kijivu mpaka ndani. Vikombe vya mawaridi vilikuwa bado na maji, nami niliyafungia humo. Usifunge kitu chochote kabla ya kufanya kile kipimo cha chupa.

Mara chache ua huja na ugonjwa wake kutoka shambani. Utaona vidoa vidogo vya kahawia kwenye petali za nje, kisha manyoya ya kijivu. Ni kuvu aitwaye Botrytis, adui wa zamani wa wakulima wa mawaridi. Vidoa vikiwa kwenye petali moja au mbili za nje, zing'oe taratibu kwa kibano na ulitie ua kwenye silika jeli siku hiyohiyo.

Manyoya yakishaenea, ua hilo limekwisha. Usilipulize wala usilipanguse ndani ya nyumba, maana unasambaza mbegu za ukungu. Livishe mfuko hapohapo lilipo, funga, tupa. Mwenye pumu asilishike kabisa, amwachie mwingine. Na ukikuta ukungu umepanda ukutani au darini, acha habari ya maua, umwite fundi atafute maji yanakovujia.

"Mbona mekundu yamekuwa meusi, na meupe yamekuwa ya chai?"

Hapa lazima niwe mkweli, kwa sababu sehemu ya jawabu haina tiba.

Waridi jekundu iliyokolea linapokauka, rangi yake haiongezeki wala haipotei. Maji ndiyo yanayotoka, na rangi iliyokuwa imetawanyika inajikusanya mahali padogo. Jicho linaona damu ya mzee, halafu jeusi. Zaidi ya hapo, rangi za jamii ya anthosayanini, ambazo hutia wekundu, uzambarau na buluu kwenye petali, hubadilika kadiri asidi ya utomvu inavyobadilika, na utomvu wa ua linalokauka haubaki ulivyokuwa. Njano na rangi ya chungwa nyingi hutokana na karotenoidi, ambazo ni vumilivu zaidi. Bibi harusi akiniuliza kabla ya sherehe, humwambia achague waridi la rangi ya chungwa, la waridi mpauko, au jekundu la kung'aa lisilokolea. Likikauka litafika kwenye wekundu anaoutaka.

Jeupe huelekea rangi ya maziwa, hata ukifanya kila kitu sawa. Likienda mpaka kahawia, hapo kuna kosa, na kosa la kawaida ni kuchelewa. Shada limekaa siku nne mezani "tulifurahie kwanza", kisha likaanza kukaushwa wakati ua limeshaanza kufa. Ianze kazi siku ya kwanza au ya pili. Kosa la pili ni vidole. Kila petali iliyominywa hutoa alama ya kahawia mahali hasa ulipobana, na alama huonekana baada ya kukauka, wakati ua lilipokuwa bichi hukuiona. Shika bua, usishike ua. La tatu ni jua. Kuna wanaoanika maua uani kama dagaa wakidhani jua kali ndilo kasi. Jua hukausha kweli, lakini linakula rangi wakati huohuo. Kasi itafute kwa hewa kavu, si kwa jua.

Ua ambalo limeshakuwa kahawia halirudi. Wapo wanaolipulizia rangi ya kopo, na sitawakataza, ila ua la kumbukumbu likishapakwa rangi, unachokitazama ni rangi ile.

"Yamesinyaa, yamekuwa kama ya mwaka jana"

Kutundika kichwa chini hukausha polepole, na ua linalokauka polepole hujikunja. Waridi litapungua, liwe kama nusu ya lilivyokuwa. Hilo si kosa lako. Ni tabia ya njia hiyo. Ukitaka libaki na umbo la siku ya harusi, njia ni kulizika kwenye silika jeli.

Silika jeli ni zile punje zilizomo kwenye vipaketi vya ndani ya sanduku la viatu. Vipaketi vyenyewe havitoshi, na punje zake ni kubwa mno kwa petali. Tafuta ya punje ndogo kama mchanga. Chukua boksi la plastiki lenye mfuniko usiopitisha hewa, weka tabaka la sentimita tatu, kata bua libaki kama kidole kifupi, simamisha ua likitazama juu, kisha mwaga punje kwa kijiko pembeni mwa ua, zipande taratibu, ziingie katikati ya petali kabla ya kufunika juu. Ukimwaga kutoka juu moja kwa moja, unalikanyaga. Funga. Maua membamba hutoka baada ya siku mbili au tatu, waridi lililojaa siku tano hadi saba.

Zikifanya kazi vibaya, tazama haya kwa mpangilio huu.

Punje zimeshiba. Silika jeli hubeba kama theluthi ya uzito wake wa maji, basi. Zile zenye punje za rangi hukuonyesha: za chungwa hugeuka kijani iliyokolea, za buluu hugeuka waridi. Zikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 120 kwa saa mbili hivi, zimetandazwa kwenye sinia, kisha zifungie zikiwa bado na vuguvugu. Usizidishe moto, zile za rangi huungua zikaacha kuonyesha.

Petali zina vishimo. Punje ni kubwa, au zimemwagwa kwa nguvu. Zichekeche.

Ua limevunjika kama chipsi. Limekaa mno. Ukizidisha siku, hata kikombe kinakauka kupita kiasi na petali hukatika kwa kugusa. Andika tarehe juu ya boksi.

Ua limetoka zuri, kesho yake limelala. Umelitoa mapema. Nje palikauka, ndani bado.

Tahadhari mbili. Vumbi la silika jeli linawasha koo na macho. Vaa barakoa, mwagia nje au penye hewa, na watoto wasiwe karibu. Zile za buluu, nyingi hutiwa rangi kwa kloridi ya kobalti, ambayo Umoja wa Ulaya umeiorodhesha miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani vikivutwa puani. Ukiweza kuchagua, nunua za chungwa au nyeupe. Na sinia uliyokaushia silika jeli isirudi kupikiwa maandazi.

Wapo wanaotumia mchanga, nami nilianza nao, ni njia ya wazee na inafanya kazi. Lakini mchanga wa ufukweni una chumvi, na chumvi huvuta maji hewani. Uoshe kwa maji baridi mara nyingi mpaka ukiuonja hauna chumvi, kisha uukaange sufuriani ukauke kabisa. Asiyeuosha hulalamika kwamba maua yake "yanatoka jasho", na jasho lile ni la Bahari ya Hindi.

"Petali zinadondoka moja moja"

Mara nyingi ua lilichelewa kukatwa au kuanzwa. Ua lililofunguka kabisa limeshaanza kuachia petali zake, na kulikausha hakuzuii. La kukausha ni lile lililo nusu njia, limetoka kwenye tumba lakini halijaonyesha moyo wake.

Kisababishi cha pili watu hukistaajabia: matunda. Ndizi na maembe yanayoiva hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo huliambia ua lizeeke. Shada lililolala usiku mmoja kwenye friji pamoja na maembe ya dodo linaweza kuamka limepoteza petali. Litenge.

Tiba ni gundi. Kabla ya kukausha, dondosha tone moja la gundi nyeupe ya maji chini ya ua, petali zinapoungana na kikombe, uliache likauke kivulini. Kwa ua lililokwisha kukauka, rudisha petali kwa ncha ya sindano iliyochovywa kwenye gundi. Usitumie ile gundi kali ya papo hapo. Mvuke wake huacha utando mweupe kwenye petali na hautoki.

"Yalikauka vizuri, sasa yamelainika"

Hapa maji yamerudi. Ukaguzi ni rahisi: je, hutokea mvua inaponyesha, na hupungua siku za kaskazi kavu? Basi ua halina ubaya, ni hewa. Lirudishe kwenye silika jeli siku moja, juu juu bila kulizika, kisha liweke mahali palipofungwa: mfuniko wa kioo wenye umbo la kengele, fremu yenye kina, au boksi la kioo, na ufiche kipaketi cha silika jeli kikavu mahali pasipoonekana. Kipaketi hicho kibadilishwe kila baada ya miezi michache, na masika mapema zaidi. Ua kavu lililoachwa wazi kwenye chombo cha maua Tanga, Mombasa au Unguja halidumu kama lililoachwa wazi Nairobi au Njombe, na miongozo mingi iliyoandikwa kwa nchi zenye hewa kavu haisemi hivyo.

Kama tatizo ni majani, na yananata, yakitoa matone kabisa, huenda yalitiwa gliserini. Njia hiyo ni nzuri kwa majani, kwa mfano ya mkaratusi: sehemu moja ya gliserini kwa mbili za maji ya moto, mabua yakisimama humo wiki mbili au tatu. Gliserini huvuta unyevu wa hewa, na jani lililokunywa kupita kiasi hutoka jasho. Lipanguse, litundike kichwa chini penye hewa, na safari ijayo litoe mara rangi inapofika nchani. Mawaridi yasitiwe gliserini, hayaifai.

"Niliyabana kwenye kitabu, yamegandana na karatasi"

Kitabu kilikuwa cha karatasi ya kung'aa. Karatasi ya namna hiyo hainywi maji, kwa hiyo ua liliiva badala ya kukauka. Tumia gazeti na juu yake karatasi nyeupe ya kawaida, ili wino usihamie. Usitumie tishu yenye michoro, utaikuta michoro ile petalini.

Kosa linalofuata ni kuliweka ua na kulisahau. Wataalamu wa mimea wanaobana vielelezo, kama wale wa hifadhi ya mimea kavu ya Afrika Mashariki iliyoanzia Amani, Usambara, mwaka 1902 na sasa iko Nairobi, hubadilisha karatasi zenye unyevu kwa kavu. Nawe fanya hivyo: siku tatu za kwanza badilisha kila siku, kisha kila baada ya siku mbili, mpaka karatasi itoke kama ilivyoingia. Ndani ya wiki mbili au tatu utakuwa umemaliza.

Waridi zima halibaniki. Kiini chake ni kinene na petali za pembeni zitaoza zikikisubiri. Lichambue, bana petali moja moja, ulipange upya baadaye, au likate katikati kwa wembe mkali ubane kila nusu.

Ua lililogandana usilivute. Liache likauke kabisa kwenye karatasi yake, kisha pitisha kisu chembamba chini yake. Likikataa, kata karatasi kulizunguka uliweke hivyohivyo kwenye fremu. Karatasi ya gazeti siku ile inaweza kuwa sehemu ya kumbukumbu.

"Ndani ya fremu kuna mvuke" na "rangi imeondoka"

Mvuke ndani ya kioo ni ua bichi, hakuna siri. Fungua leo, si wiki ijayo. Ua lililokauka kweli likileta mvuke, basi linagusa kioo, au fremu imetundikwa kwenye ukuta wa nje unaopigwa na mvua. Acha nafasi kati ya ua na kioo, hata ya sentimita moja, na uhamishe ukuta.

Rangi ikififia, tazama dirisha. Nimeona shada la mwaka mmoja lililotundikwa mkabala na dirisha la mashariki likiwa limebaki rangi ya majani makavu. Mwanga ukishakula rangi, hairudi. Kioo cha kuzuia miale ya jua husaidia, lakini hakifanyi muujiza. Ukuta wa ndani wenye kivuli unasaidia zaidi na ni bure. Kazi ya kukata kioo na kuziba nyuma ya fremu mpe fundi fremu, wewe mpelekee ua na vipimo.

Rezini: mahali pa kuwa mwangalifu kuliko kote

Rezini ya epoksi, vimiminika viwili vinavyochanganywa vikaganda, ndiyo inayovutia vijana siku hizi, ua likielea ndani ya kitu kama kioo. Nimeifanya na naipenda, lakini ndiyo njia ambayo kosa halirekebishiki, kwa sababu ua likishazama halitoki.

Ua limepata duara la kahawia au limekuwa kama lililolowa: halikuwa kavu, au petali ni nyembamba na rezini imezipenya. Kwanza kipimo cha chupa, kisha pakaa ua tabaka jembamba la rezini, liache ligande, ndipo ulizamishe. Tabaka hilo huzuia pia vipovu, maana vingi havitoki kwenye kuchanganya. Vinatoka ndani ya ua lenyewe, hewa iliyokuwa kati ya petali.

Imebaki laini au inanata: mchanganyiko haukuwa sawa. Kuna rezini ambazo kipimo kimoja huchanganywa na kimoja cha kigandishi, na ambazo viwili huchanganywa na kimoja; nyingine hupimwa kwa ujazo, nyingine kwa uzito. Soma kopo, wala usikadirie kwa jicho. Changanya polepole dakika tatu hadi tano, ukikwangua pembeni na chini ya kikombe. Sehemu yenye kunata inaweza kupanguswa kwa spiriti na kufunikwa kwa tabaka jipya lililopimwa vizuri, lakini ikiwa ya majimaji mpaka ndani, haina tiba.

Imepata utando mweupe au wa mafuta juu: unyevu wa hewa. Masika subiri, au fanyia chumba chenye kiyoyozi.

Imepata joto, ikatoa moshi au ikapasuka: umemwaga tabaka nene kwa mara moja. Rezini inapoganda hutoa joto, na nyingi ikiwa pamoja hujichemsha na kuunguza ua. Usiibebe mikononi. Iache ilipo kama pana usalama, toka, fungua madirisha.

Sasa la kusimama kabisa. Rezini isiyoganda ikigusa ngozi mara kwa mara inaweza kukuletea mzio, na mzio huo ukishaingia hukaa nawe maisha yako yote. Vaa glavu za nitrili, fanyia penye hewa, na unapoisugua ikishaganda vaa barakoa ya kuzuia vumbi na usugue ikiwa na maji. Ukiona upele mikononi au machoni, au kifua kinabana, acha siku hiyohiyo, nenda hospitali, na mwambie daktari kuwa ulishika epoksi. Mjamzito na mwenye pumu kazi hii wampe mtu mwenye karakana na vifaa. Shada lako si la kuugulia.

"Kuna unga unga chini ya shada"

Huo ni wadudu. Ni vidudu vya kahawia vidogo kama punje ya mtama, jamaa ya wale wanaoingia kwenye viungo vya pilau na tumbaku, au viluwiluwi vyao. Huja zaidi kwa aliyekausha ua kwa unga wa mahindi na kuacha mabaki ndani ya petali. Lifunge shada kwenye mifuko miwili ya plastiki, uondoe hewa, uliweke kwenye friza yenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukilitoa, usifungue mfuko mpaka lifikie joto la chumba, laa sivyo litalowa kwa matone yale tuliyoyasema mwanzoni. Usilipulizie dawa ya mbu. Inaacha mafuta kwenye petali, na mtoto atakuja kulishika.

Ukirithi kitabu cha zamani sana chenye mimea ya kubanwa, hasa iliyotoka kwa watafiti wa enzi za ukoloni, usikipanguse wala kukitia friza. Vielelezo vingi vya zamani vilitiwa kloridi ya zebaki au aseniki kuzuia wadudu. Kifunge, osha mikono, na uwaite watu wa makumbusho.

Kikuba na asumini

Kikuba ni kile kishada cha asumini, mrehani na petali za waridi anachovaa bibi harusi. Swali lake nimeliacha mwishoni kwa sababu naulizwa na mama wa bibi harusi, na nachukia kumvunja moyo. Asumini haihifadhiki nyeupe. Ukiitundika, ukiizika, ukiibana, itakuwa rangi ya chai, na harufu yake huenda nayo ndani ya siku chache. Sijaona njia ya nyumbani inayoizuia.

Kinachobaki kwenye kikuba ni mrehani, ambao ukikauka kivulini huweka harufu miezi mingi, na petali za waridi. Huzitia pamoja kwenye chupa ndogo ya kioo yenye kizibo, na asumini tatu nne za rangi ya chai zikilala juu yake. Uzi uliotungiwa nao hukaa humo. Na mpiga picha akifika, mwambie achukue kikuba peke yake, kwa karibu, asubuhi kikiwa kipya, kabla hakijavaliwa.

Kama ni moja tu

Wapo wanaokuja na ua moja. Limetoka juu ya jeneza, au lilikuwa kwenye nywele za mtu ambaye hayupo. Kwa ua kama hilo usijaribu njia mpya. Nunua la aina hiyohiyo sokoni, likaushe hilo kwanza kwa njia unayoitaka, ulione mwisho wake. Huna muda wa kusubiri wiki nzima, najua, kwa hiyo kama hujawahi kukausha ua hata mara moja, tafuta anayeifanya kazi hii na akuonyeshe maua yake ya mwaka jana, si ya wiki hii. Kabla hujamkabidhi, ng'oa petali moja ya nje uibane mwenyewe kwenye gazeti.

Mpaka utakapompata, kata ncha ya bua kwa mshazari, lisimamishe kwenye maji safi ya kina cha vidole viwili, uliweke kwenye rafu ya chini ya friji, mbali na matunda, na lisiguse ukuta wa nyuma wenye barafu.